Mlinganyo wa Mstari Ulionyooka: Jibu Likikataa, Kosa Litafutwe Wapi

Mwanafunzi aliyepewa nukta mbili na kuambiwa atafute mlinganyo wa mstari unaopita katika nukta hizo anatafuta namba mbili tu. Ya kwanza ni mteremko, unaoandikwa m, na ya pili ni c, yaani thamani ya y mahali mstari unapokata mhimili wa y. Akishazipata anaandika y = mx + c, na kazi imekwisha. Hata hivyo ni hapa ambapo wengi hupoteza alama, na kwa maoni yangu sababu si kutoijua kanuni, kwa maana kanuni wengi wao wanaijua kwa ghibu. Sababu ni kwamba kosa dogo la alama au la mpangilio huzaa mlinganyo unaoonekana mzuri kabisa, wenye sehemu zake zote, ilhali mstari wake unapita pengine. Anayesahihisha kazi yake kwa kuitazama tu hataliona kosa hilo. Inambidi ajue dalili zake na aulize maswali yanayofaa.

Katika sehemu kubwa ya maelezo haya nitatumia nukta mbili zilezile, (−3, 4) na (5, −2), kwa sababu zina namba hasi mahali pabaya, na namba hasi ndiyo chimbuko la matatizo mengi. Hesabu sahihi ni hii: tofauti ya y ni −2 − 4 = −6, tofauti ya x ni 5 − (−3) = 8, kwa hiyo m = −6/8 = −3/4. Tukiiweka nukta (−3, 4) katika y = mx + c tunapata 4 = 9/4 + c, hivyo c = 7/4, na mlinganyo ni y = −(3/4)x + 7/4.

Dalili ya kwanza: mlinganyo unaikubali nukta moja na kuikataa nyingine

Hii ndiyo dalili inayotokea mara nyingi kuliko zote, na ndiyo inayopita bila kuonekana, kwa sababu wanafunzi wengi huhakiki jibu kwa nukta ileile waliyoitumia kutafuta c. Uhakiki wa namna hiyo hauna thamani yoyote. Chukua mwanafunzi aliyeandika 5 − 3 badala ya 5 − (−3): kwake tofauti ya x ni 2, mteremko ni −6/2 = −3, na akiiweka nukta (−3, 4) anapata 4 = 9 + c, yaani c = −5. Mlinganyo wake ni y = −3x − 5. Sasa anahakiki kwa (−3, 4): −3 mara −3 ni 9, toa 5, inabaki 4. Inakubali! Anafunga daftari kwa amani, ilhali mteremko wake ni mara nne ya ule wa kweli. Nukta hiyo isingeweza kukataa, kwa sababu c yenyewe ilitafutwa ili nukta hiyo ikubali, uwe mteremko sahihi au la.

Shahidi wa kuaminika ni nukta ya pili, ile ambayo haikutumika kutafuta c. Weka x = 5 katika y = −3x − 5, nawe utapata −20, wakati nukta inadai −2. Hapo kosa limejulikana, na pia limejulikana lilipo: nukta ya kwanza imekubali na ya pili imekataa, basi c ilikokotolewa sawasawa kutokana na mteremko uliokuwa mbaya. Hakuna haja ya kuipitia kazi yote. Rudi kwenye mteremko peke yake.

Ukirudi huko, sababu huwa mojawapo ya tatu. Ya kwanza ni hiyo ya kutoa namba hasi bila mabano. Dawa yake ni kuiandika kila thamani hasi ndani ya mabano kabla ya kufanya lolote, hata pale ambapo unaona wazi kichwani kwamba kutoa −3 ni kujumlisha 3, kwa sababu chini ya wasiwasi wa mtihani kile kinachoonekana wazi kichwani ndicho kinachopotea kalamuni.

Ya pili ni kubadilisha mpangilio katikati ya hesabu. Mwanafunzi anaanza juu na nukta ya pili, −2 − 4 = −6, kisha chini anaanza na nukta ya kwanza, −3 − 5 = −8, na anapata 3/4 badala ya −3/4. Si lazima kuanza na nukta fulani. Unaweza kuanza na yoyote, mradi ile uliyoanza nayo juu ndiyo unayoanza nayo chini. Alama yake ni rahisi kuitambua: mteremko una ukubwa sahihi lakini alama yake imegeuka. Mimi hupendekeza nukta ziandikwe moja chini ya nyingine, x chini ya x na y chini ya y, kisha kutoa kufanyike kutoka juu kwenda chini katika safu zote mbili, kwa maana mkono uliozoea safu haupotei njia.

Ya tatu ni kupindua sehemu, yaani kuweka tofauti ya x juu na ya y chini. Hapa utapata 8/−6 = −4/3. Alama ni sahihi, ukubwa umepinduka. Chanzo chake mara nyingi ni mazoea ya kusema “x na y” kwa mpangilio huo, hivyo x inakuwa ya kwanza hata katika sehemu. Anayekumbuka kwamba mteremko unajibu swali “y inabadilika kwa kiasi gani x inapoongezeka kwa 1” hawezi kupindua, kwa kuwa jibu la swali hilo ni mabadiliko ya y yaliyogawanywa kwa mabadiliko ya x.

Dalili ya pili: nukta zote mbili zinakataa

Watu huogopa zaidi dalili hii, wakidhani kila kitu kimeharibika. Kwa kweli mara nyingi ni kosa dogo zaidi, na kuna njia ya kulithibitisha ambayo sioni ikitumiwa vya kutosha: pima kila nukta imekosewa kwa kiasi gani. Tuseme mwanafunzi alipata mteremko sahihi wa −3/4, lakini alipozidisha na −3 akaandika −9/4 badala ya 9/4, hivyo c ikawa 25/4. Mlinganyo wake ni y = −(3/4)x + 25/4. Kwa x = −3 unatoa 8.5 badala ya 4, umezidi kwa 4.5. Kwa x = 5 unatoa 2.5 badala ya −2, umezidi kwa 4.5 vilevile.

Tofauti zikilingana, mteremko ni mzima. Mstari uliouchora ni sambamba na ule wa kweli, ila umepandishwa au umeshushwa, na c peke yake ndiyo yenye kasoro. Tena tofauti yenyewe inakwambia uirekebishe kwa kiasi gani, maana 25/4 ukitoa 4.5 ni 7/4. Tofauti zisipolingana, mteremko nao una kosa, na huna budi kuanza upya na nukta mbili.

Wanaotumia umbo la y − y₁ = m(x − x₁) hupata dalili hii kwa njia nyingine. Wakiwa na x₁ = −3 huandika x − 3 ndani ya mabano badala ya x + 3, au hulizidisha m na x peke yake na kuiacha namba inayofuata nje ya hesabu. Kipimo cha tofauti kinafanya kazi hapo pia, kwa kuwa makosa hayo yanaathiri namba iliyosimama peke yake na hayagusi namba inayozidisha x.

Dalili ya tatu: alama ya mteremko haipatani na picha

Kabla ya hesabu yoyote, inafaa kuweka nukta zako kwenye mchoro wa haraka, usio na vipimo, na kujiuliza: ninapokwenda kutoka kushoto kwenda kulia, mstari unapanda au unashuka? Ukipanda, m ni chanya. Ukishuka, m ni hasi. Kutoka (−3, 4) hadi (5, −2) tunashuka, basi jibu lolote lenye m chanya ni kosa hata kabla ya kuhakikiwa.

Hapa lugha yetu inaweka mtego ambao vitabu haviutaji. Neno mteremko linatokana na kuteremka, na katika mazungumzo ya kila siku mteremko ni njia inayoshuka. Inayopanda tunaiita mwinuko au mlima. Mwanafunzi anayesikia kwamba mstari una “mteremko wa 3” huona akilini mstari unaokwenda chini, na akiambiwa mteremko ni −3 hudhani kwamba hasi imeugeuza kwenda juu. Kwa kuwa katika shule nyingi za sekondari za Tanzania na Kenya somo hufundishwa kwa Kiingereza huku mwanafunzi akiliwaza kwa Kiswahili, mkanganyiko huu hauonekani kwa mwalimu. Unaonekana tu kama “amekosea alama”. Ninaamini wengi wanaodhaniwa kuwa wazembe wa alama ni watu waliolisikiliza neno kwa makini kuliko tulivyokusudia. Katika hisabati neno hili ni kipimo cha ukali wa mwelekeo, na mwelekeo chanya ni wa kupanda. Anayeona neno linampotosha na alitumie gradienti, ambalo halina picha yoyote ndani yake, au ajiwekee kwamba mteremko chanya ni mlima unaoupanda ukitoka kushoto.

Dalili ya nne: uliyosoma kwenye grafu hayakubaliani na uliyokokotoa

Mstari ukiwa tayari umechorwa, makosa mawili hutawala. La kwanza ni kuhesabu vyumba vya karatasi badala ya kusoma mihimili. Ikiwa chumba kimoja kwenye mhimili wa x ni kizio 1, na chumba kimoja kwenye mhimili wa y ni vizio 5, basi mstari unaopanda vyumba viwili kwa kila vyumba vitatu vya kwenda kulia hauna mteremko wa 2/3. Una mteremko wa 10/3. Kwa sababu hiyohiyo, ukali wa mstari kwa macho haukwambii ukubwa wa m mpaka uwe umeisoma skeli.

La pili ni kusoma c kwenye ukingo wa kushoto wa grafu. Mhimili wa x hauanzi sifuri kila mara. Grafu ya mauzo ya mwaka 2015 hadi 2024, kwa mfano, kwa kawaida inaanzia 2015, na mahali mstari unapougusa ukingo ni thamani ya y pale x ilipo 2015, wala si pale x ilipo 0. Katika hali hiyo usisome c kabisa. Chagua nukta mbili zilizo mbali kwenye mstari, ambazo zinakaa juu ya makutano ya mistari ya karatasi, kisha uendelee kwa hesabu. Nasema zilizo mbali kwa sababu ukikosea kusoma kwa nusu chumba katika umbali wa vyumba viwili umeharibu sana, lakini nusu chumba hiyohiyo katika umbali wa vyumba ishirini haitikisi jibu.

Dalili ya tano: mteremko unabadilika kila ukichukua nukta nyingine

Maji safi huganda kwenye nyuzi 0 za Celsius, ambazo ni nyuzi 32 za Fahrenheit, na katika kanieneo ya kawaida ya usawa wa bahari huchemka kwenye nyuzi 100 za Celsius, ambazo ni 212 za Fahrenheit. Tukiita Celsius x na Fahrenheit y, tuna nukta (0, 32) na (100, 212). Mwanafunzi mwenye haraka hugawanya 212 kwa 100, anapata 2.12, na kusema huo ndio mteremko. Akijaribu na joto la kawaida la mwili wa binadamu, nyuzi 37 za Celsius ambazo ni 98.6 za Fahrenheit, mgawanyo huohuo unampa takriban 2.66. Anaduwaa: je, mstari haujanyooka?

Mstari umenyooka. Kosa ni kugawanya y kwa x ya nukta moja, jambo linaloruhusiwa tu mstari unapopita katika nukta (0, 0). Huu haupiti huko, unapita katika 32. Mteremko huhitaji tofauti kati ya nukta mbili: (212 − 32)/(100 − 0) = 1.8, na kwa nukta ya mwili (98.6 − 32)/(37 − 0) = 66.6/37 = 1.8 tena. Mlinganyo ni y = 1.8x + 32. Kosa hili linatokea zaidi katika maswali ya maneno, kama nauli yenye kiasi cha kuanzia na kiasi cha kila kilomita, kwa sababu kugawanya jumla kwa idadi ni tabia tuliyoizoea sokoni, na sokoni ni sahihi: nyanya sifuri ni shilingi sifuri.

Ikiwa umetumia tofauti kwa usahihi na bado jozi mbalimbali za nukta zinatoa miteremko tofauti, basi kuna mambo mawili ya kuangalia. Pengine namba zimetokana na vipimo vya maabara, ambavyo havikosi hitilafu ndogo, na miteremko itakuwa ikikaribiana bila kulingana. Hapo mtu huchora mstari unaopita katikati ya nukta kadiri inavyowezekana na kuutafutia huo mlinganyo. Pengine uhusiano wenyewe si wa mstari ulionyooka, na miteremko itakuwa ikiongezeka au ikipungua kwa mfululizo. Hapo hakuna m wala c itakayosaidia.

Dalili ya sita: nukta zote mbili zinakubali, lakini jibu si sahihi

Nimemsifu sana shahidi wa nukta ya pili, na sina budi kusema pale anapoweza kudanganywa. Ukibadilishana x na y katika nukta zote mbili, hesabu yako yote itakuwa safi na mashahidi wote wawili watakubali, kwa kuwa wameapishwa kwa majina yasiyo yao. Katika mfano wa joto, mtu aliyeandika (32, 0) na (212, 100) atapata y = (5/9)x − 160/9. Huo ni mlinganyo wa kweli wa kugeuza Fahrenheit kuwa Celsius, lakini kama swali liliuliza kinyume chake, jibu ni kosa. Akiweka 37 kwa matumaini ya kupata Fahrenheit, atapata takriban 2.8, na mwili wa mtu aliye hai hauwezi kuwa nyuzi 2.8 za Fahrenheit.

Kosa la namna hii hukamatwa kwa kurudi kwenye maana ya swali na kuuliza ni kipi kinategemea kipi. Kinachotegemea kingine ndicho y. Andika sentensi hiyo kabla ya kuandika nukta: “y ni nauli kwa shilingi, x ni umbali kwa kilomita.” Inachukua nusu mstari wa daftari.

Dalili ya saba: unagawanya kwa sifuri, au mteremko unakuwa sifuri

Nukta (4, 1) na (4, 7) zinatoa 6/0, na kikokotoo kitaandika kwamba kuna kosa. Huna kosa. Mstari ni wima, hauna mteremko unaoweza kuandikwa kwa namba, na mlinganyo wake ni x = 4, usio na y ndani yake. Nukta (1, 4) na (7, 4) zinatoa 0/6, ambayo ni sifuri halali; mstari umelala, na mlinganyo wake ni y = 4. Tahadhari moja ya lugha: ukisema mstari “hauna mteremko”, msikilizaji hajui ni upi kati ya hiyo miwili. Sema “mteremko ni sifuri” kwa uliolala, na “mteremko hauelezeki” kwa ulio wima.

Dalili ya nane: umesoma m na c moja kwa moja, na zote ni kosa

Mlinganyo 3x + 2y = 12 hauna mteremko wa 3. Namba inayozidisha x inakuwa mteremko pale tu y inapokuwa imebaki peke yake upande mmoja: 2y = −3x + 12, kisha y = −(3/2)x + 6. Kosa la kawaida katika hatua ya mwisho ni kugawanya sehemu moja kwa 2 na kuisahau nyingine.

Herufi nazo huchanganya. Mtihani unapodai jibu katika umbo la ax + by + c = 0, c ya hapo si mahali mstari unapokata mhimili; katika 3x + 2y − 12 = 0, c ni −12 ilhali mhimili wa y unakatwa kwenye 6. Na anayejifunza kwa video kutoka Marekani atakuta y = mx + b, ambapo b inafanya kazi ileile ya c yetu.

Kuhusu mistari sambamba hakuna mengi: m inabaki, c inatafutwa upya kwa nukta mpya, na anayekosea kwa kawaida ameibeba c ya zamani. Mistari inayokatana kwa pembe mraba inahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa mteremko hupinduliwa na pia kubadilishwa alama, na wengi hufanya moja kati ya hayo mawili. Zidisha miteremko yote miwili. Ikiwa hakuna mstari ulio wima, lazima upate −1. Kwa mstari wenye −3/2, aliyebadilisha alama tu ana 3/2, na zao ni −9/4. Aliyepindua tu ana −2/3, na zao ni 1. Mwenye 2/3 anapata −1. Mstari huo ukiwa unapita katika (6, 1), basi 1 = 4 + c, c ni −3, na mlinganyo ni y = (2/3)x − 3. Safari hii swali limetoa nukta moja tu, nayo imeshatumika kutafuta c, kwa hiyo shahidi anayebaki ni zao hilo la −1.